Kuchagua ukubwa wa ploti za majaribio ya shambani kwa programu ya R: mwongozo kamili

Mara nyingi jaribio la mahindi hupandwa kwenye ploti za mistari minne ya mita 5 kwa sababu moja tu: ndivyo lilivyopandwa mwaka jana. Mavuno yakishapimwa, tofauti kati ya mbegu inamezwa na tofauti za udongo, na msimu mzima wa kazi unaishia kwenye sentensi "hakukuwa na tofauti ya maana". Hasara hiyo inaweza kuepukwa kabla ya mbegu ya kwanza kuingia ardhini. Ukubwa wa ploti hukokotolewa, tena pamoja na idadi ya marudio, yaani mara ambazo kila mbegu inapandwa ndani ya jaribio. Ukiamua kimoja peke yake umeshakosea kingine.

Mwongozo huu unatumia R, programu ya bure ya takwimu inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. GenStat na SAS hufanya hesabu hizi hizi, lakini leseni zake zina gharama. Mfano wetu ni jaribio la kulinganisha mbegu 12 za mahindi.

Kanuni inayobeba hesabu yote

Mwaka 1938 H. Fairfield Smith alichapisha kanuni aliyoipata kwa kuchambua data za mashamba mengi:

Vx = V1 / x^b

V1 ni varianzi (kipimo cha mtawanyiko wa namba) ya mavuno ya kizio kidogo kimoja cha shamba. Vx ni varianzi ya wastani wa mavuno kwa kizio pale ploti inapokuwa na vizio x. Herufi b hueleza tabia ya shamba lenyewe, na kwa kawaida huwa kati ya 0 na 1. Ikiwa b ni 1, vipande jirani havifanani kuliko vipande vilivyo mbalimbali, kwa hiyo kila kizio unachoongeza kinaleta taarifa mpya. Ikikaribia 0, majirani wanafanana sana, na kupanua ploti ni kupima kitu kilekile mara mbili.

Chukua b ya 0.5. Ukiongeza ukubwa wa ploti mara mbili, varianzi inapungua kwa asilimia 29 tu. Ukitumia ardhi hiyo hiyo ya ziada kuongeza marudio mara mbili badala yake, varianzi ya wastani wa mbegu inapungua kwa nusu. Ndiyo maana ploti kubwa na marudio machache ni matumizi mabaya ya ardhi karibu kila mahali.

Kupanda jaribio la usawa wa shamba

Ili kuijua b unahitaji jaribio la usawa: shamba zima linapandwa mbegu moja, siku moja, mbolea moja, palizi moja, kisha linavunwa vipande vipande.

Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, kizio kizuri ni mistari 2 yenye urefu wa mita 1.5. Hiyo ni mita za mraba 2.25 na miche 10. Panga vizio 24 kuelekea urefu wa mistari na 12 kuikata mistari: mita 36 kwa 18, vizio 288. Namba 24 na 12 zimechaguliwa kwa sababu zinagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6, na hilo utalihitaji unapounganisha vizio kuwa ploti kubwa zaidi. Gridi ya 23 kwa 13 haikupi chochote. Ongeza mistari miwili ya kinga kila upande na mita 1.5 kila mwisho, na usiivune pamoja na vizio.

Kwa muhogo wa mita 1 kwa 1, kizio kinaweza kuwa mche mmoja au miwili. Kwa mpunga wa sentimita 20 kwa 20, mita moja ya mraba inatosha.

Mambo yanayoharibu hatua hii ni ya kawaida kabisa:

- Mizani. Kwenye mavuno ya tani 4 kwa hekta, kizio chetu kinatoa takriban gramu 900. Mizani inayosoma kwa hatua za gramu 100 inaongeza makosa yake juu ya ya udongo. Tumia ya gramu 5 au 10.
- Unyevu. Sahihisha kila uzito uwe wa kiwango kimoja, mfano asilimia 13: uzito × (100 − unyevu) / (100 − 13). Vizio vya mwisho kuvunwa vinaweza kuwa vimekauka zaidi, na usiposahihisha utaona mteremko wa mavuno ambao haumo ardhini.
- Mpaka wa kizio. Kata kwa kamba iliyopimwa, si kwa jicho. Mche mmoja ukihamia kwa jirani, kizio kimoja kinapungua kwa asilimia 10 na kingine kinaongezeka kwa kiasi hicho hicho.
- Mashimo matupu. Hesabu miche ya kila kizio na uiandike. Rudishia mbegu mapema, siku chache tu baada ya kuota.

Kichuguu cha zamani na mahali palipokuwa zizi la ng'ombe ni vyanzo vikubwa vya kutolingana kwenye mashamba yetu. Usivifute kwenye data kwa sababu tu vinaharibu picha. Vifute ikiwa jaribio lako halisi nalo litavikwepa, na uandike kwamba umefanya hivyo.

Kuingiza data na kuikagua

Tengeneza lahajedwali yenye safu tatu: urefu (1 hadi 24), upana (1 hadi 12) na mavuno kwa gramu. Ihifadhi kama CSV, kisha kwenye R:

```r
d <- read.csv("usawa.csv")
m <- matrix(NA, nrow = 24, ncol = 12)
m[cbind(d$urefu, d$upana)] <- d$mavuno
sum(is.na(m))
100 * sd(m) / mean(m)
image(m)
rowMeans(m)
colMeans(m)
```

Mstari wa nne lazima ulete 0. Kama hauleti, kuna kizio kilichorukwa au namba iliyoandikwa mara mbili. Mstari wa tano unaleta mgawo wa mtawanyiko, yaani mtawanyiko kama asilimia ya wastani, ambao watafiti wengi huuita CV tu. Picha ya `image` ndiyo ya kuikalia muda mrefu. Doa moja lililo tofauti kabisa na majirani zake mara nyingi ni kosa la uandishi, mfano 90 badala ya 900. Rangi inayobadilika taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mteremko wa rutuba au wa maji, na itakuambia baadaye namna ya kulaza bloku, yaani makundi ya ploti jirani ambamo kila mbegu hupandwa mara moja.

Kama bado huna data yako, jizoeze kwa ngano ya Mercer na Hall, iliyovunwa Rothamsted, Uingereza, mwaka 1910: ekari moja iliyogawanywa vizio 500, mistari 20 kwa safu 25. Imo ndani ya pakeji ya agridat:

```r
install.packages(c("agridat", "agricolae"))
w <- agridat::mercer.wheat.uniformity
mw <- with(w, tapply(grain, list(row, col), sum))
```

Wastani wake ni takriban ratili 3.95 kwa kizio na CV ni karibu asilimia 11.6. Ukipata namba nyingine, kuna hatua umeikosea. Utaona pia jinsi 25 inavyobana: inagawanyika kwa 5 tu.

Kukokotoa b

Njia fupi ni `index.smith(m)` ya pakeji ya agricolae, iliyoandikwa na Felipe de Mendiburu wa Peru. Inaunganisha vizio, inatoa jedwali la ukubwa, varianzi na CV, na kuchora mchoro. Itumie kuhakiki. Lakini ni bora ufanye hesabu wazi mwenyewe, ili ujue kila namba imetoka wapi:

```r
jumuisha <- function(m, u, p) {
  ru <- rep(1:(nrow(m) / u), each = u)
  kp <- rep(1:(ncol(m) / p), each = p)
  c(t(rowsum(t(rowsum(m, ru)), kp)))
}

j <- expand.grid(u = c(1, 2, 3, 4, 6, 8), p = c(1, 2, 3, 4, 6))
j$x <- j$u * j$p
j$n <- (24 / j$u) * (12 / j$p)
j <- j[j$n >= 12, ]
j$Vx <- mapply(function(u, p) var(jumuisha(m, u, p) / (u * p)), j$u, j$p)
j$CV <- 100 * sqrt(j$Vx) / mean(m)

mfano <- lm(log(Vx) ~ log(x), data = j, weights = n - 1)
b  <- -coef(mfano)[[2]]
C1 <- 100 * sqrt(exp(coef(mfano)[[1]])) / mean(m)
j[order(j$x), ]
```

Uzito wa `n - 1` ni muhimu. Varianzi iliyotoka kwenye ploti 12 haiwezi kuaminiwa sawa na iliyotoka kwenye vizio 288, na bila uzito huo ploti kubwa chache zitauvuta mstari zinakotaka. Kwa sababu hiyo hiyo tumeacha kila ukubwa unaobakiza ploti chini ya 12. Angalia pia ukubwa wa juu uliobaki: hapa ni vizio 24. Jibu lolote la baadaye linalozidi hapo ni kukisia nje ya data.

Soma jedwali kwa maumbo pia. Ukubwa wa vizio 6 unapatikana kwa njia nne: 6 kwa 1, 3 kwa 2, 2 kwa 3 na 1 kwa 6. Linganisha Vx zake. Kama ploti ndefu kuelekea upande mmoja ina varianzi ndogo kwa wazi, rutuba inabadilika kuelekea upande huo, na ploti ndefu inakusanya ardhi nzuri na mbaya kwa pamoja. Kama zinakaribiana, chagua umbo linalorahisisha kazi.

Ikiwa b imezidi 1, shuku mipaka ya vizio kwanza, kisha mpangilio unaojirudia kama mifereji ya plau au mistari ya mashine ya kupandia. Ikiwa iko chini ya 0.2, mara nyingi kuna mteremko mmoja mkubwa shambani. Uondoe kisha urudie hesabu:

```r
d2 <- data.frame(y = c(m), u = c(row(m)), p = c(col(m)))
m2 <- matrix(resid(lm(y ~ u + p, d2)) + mean(m), 24, 12)
```

Tumia b ya `m2` ikiwa bloku zako zitaukata mteremko huo vizuri. Kama hazitaukata, b ya kwanza ndiyo ya kweli kwako.

Tahadhari kuhusu mbinu ya mpindo wa juu kabisa

Programu na makala nyingi huchora CV dhidi ya ukubwa wa ploti na kuchagua mahali mstari unapopinda zaidi. Inavutia kwa kuwa inaleta namba moja bila kukuuliza chochote, na hapo ndipo ubovu wake ulipo. Kwa CV = A·x^(−B), ukubwa huo ni [A²B²(2B+1)/(B+2)]^(1/(2B+2)). Weka A = 12 kwa asilimia na B = 0.25: unapata vizio 2. Andika CV hiyo hiyo kama 0.12: unapata vizio 0.05. Shamba halijabadilika, kimebadilika kipimo cha mhimili tu. Aidha haijui una mbegu ngapi, una marudio mangapi, wala unatafuta tofauti ya kiasi gani. Ukiitumia, iwe kwa kulinganisha na kazi za zamani tu.

Ukubwa na marudio kwa pamoja

Fomula ya Hatheway ya mwaka 1961 inafunga kila kitu mahali pamoja:

x^b = 2(t1 + t2)² · C1² / (r · d²)

C1 ni CV ya kizio kimoja, r ni marudio, na d ni tofauti halisi unayotaka kuigundua, kwa asilimia ya wastani. t1 inatokana na kiwango cha umuhimu, t2 na uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo.

```r
ukubwa <- function(C1, b, d, r, k, P = 0.8) {
  df <- (r - 1) * (k - 1)
  (2 * (qt(0.975, df) + qt(P, df))^2 * C1^2 / (r * d^2))^(1 / b)
}
sapply(3:6, function(r) ukubwa(C1 = 22, b = 0.5, d = 20, r = r, k = 12))
```

Tuchukulie C1 ni asilimia 22, b ni 0.5, mbegu ni 12, na tunataka kugundua tofauti ya asilimia 20 kwa uwezekano wa asilimia 80. Majibu ni haya:

| Marudio | Vizio kwa ploti | Eneo halisi la kuvuna kwa ploti | Eneo la kuvuna kwa jaribio zima |
|---|---|---|---|
| 3 | 48.1 | m² 108 | m² 3,896 |
| 4 | 25.4 | m² 57 | m² 2,747 |
| 5 | 15.8 | m² 36 | m² 2,130 |
| 6 | 10.8 | m² 24 | m² 1,744 |

Usahihi ni uleule kwa mistari yote minne, lakini ardhi imepungua kwa zaidi ya nusu. Mstari wa marudio 3 pia uko mbali nje ya data yetu ya vizio 24, kwa hiyo usiutegemee; wa marudio 4 nao umezidi kidogo.

Sasa jaribu d = 15 na marudio 4: vizio 80, mita za mraba 181 kwa ploti moja. Hakuna atakayepanda hiyo kwa mbegu 12. Jibu la namna hii si kasoro ya programu. Linakuambia ukweli kwamba kwenye shamba hilo, kwa rasilimali hizo, tofauti ya asilimia 15 haitaonekana. Ongeza marudio, tafuta shamba lingine, punguza mbegu au ukubali d kubwa zaidi, lakini amua sasa.

Kutoka namba hadi ploti ya kupimwa kwa kamba

Vizio 15.8 huwa 16: upana wa vizio 2, yaani mistari 4 au mita 3, na urefu wa vizio 8, mita 12. Ongeza mstari mmoja wa kinga kila upande na mche mmoja kila mwisho: ploti nzima ni mita 4.5 kwa 12.6, sawa na m² 56.7. Kwa ploti 60 hiyo ni m² 3,402 bila njia. Kwa marudio 6, vizio 12 (mita 3 kwa 9) vinakuwa m² 43.2 pamoja na kinga, na ploti 72 zinachukua m² 3,110.

Tofauti ya ardhi ni chini ya asilimia 9, lakini kuna ploti 12 zaidi za kupima, kuwekea vibao na kuvuna. Hapa tungechukua marudio 5. Pale ambapo ardhi ya kituo ni finyu na vibarua wapo, 6 ni bora. Usiondoe mistari ya kinga ili kuokoa nafasi: mbegu ndefu itamfunika jirani mfupi, mbolea ya ploti moja italisha nyingine, na tofauti utakayopima si ya mbegu.

Kama gharama ndiyo inayobana, Smith alitoa fomula nyingine: x = b·K1 / ((1 − b)·K2). K1 ni gharama ya kila ploti bila kujali ukubwa (vibao, mifuko, muda wa kuandika), K2 ni gharama ya kila kizio (mbegu, mbolea, palizi). Kwa mfano K1 ya shilingi 6,000, K2 ya shilingi 500 na b ya 0.5 zinaleta vizio 12. Haihakikishi utaigundua tofauti unayoitaka, hivyo rudi kwa `ukubwa()` uone marudio yanayohitajika.

Kulijaribu jaribio kabla ya kulipanda

Data ya usawa ina faida ambayo wengi huiacha: unaweza kulaza juu yake jaribio lisilo na tofauti yoyote ya mbegu, na kuona bloku zako zinafanya kazi kiasi gani. Ploti za 3 kwa 2 zinatoa ploti 48, yaani mbegu 12 kwa marudio 4:

```r
y <- jumuisha(m, 3, 2) / 6
bA <- factor(rep(rep(1:4, each = 2), times = 6))
bB <- interaction(rep(rep(1:2, each = 4), times = 6), rep(1:2, each = 24))

kosa <- function(bl) {
  aina <- factor(ave(seq_along(y), bl, FUN = function(i) sample(12)))
  f <- lm(y ~ bl + aina)
  deviance(f) / df.residual(f)
}
100 * sqrt(mean(replicate(1000, kosa(bA)))) / mean(y)
100 * sqrt(mean(replicate(1000, kosa(bB)))) / mean(y)
```

Bloku za `bA` na `bB` zote ni mita 9 kwa 18, ila zimelazwa pande tofauti. Mpangilio wenye CV ndogo ndio unaofuata shamba lako. Ukipata mfano 14 kwa mmoja na 18 kwa mwingine, umeokoa ardhi nyingi bila kutumia hata shilingi. Fomula ya Hatheway hapo juu ilitumia varianzi ya shamba zima, kwa hiyo bloku nzuri hukupa ziada juu ya makadirio.

Ukiwa huna jaribio la usawa

Tumia jaribio la zamani la zao hilo kwenye shamba hilo. CV yake ni mzizi wa wastani wa mraba wa makosa, gawa kwa wastani wa mavuno. Ikiwa ploti zilikuwa na vizio 16 na CV ilikuwa asilimia 15, basi C1 = 15 × 16^(b/2). Kwa kuwa b hujaijua, pitisha kadhaa:

```r
for (b in c(0.3, 0.5, 0.7))
  print(ukubwa(C1 = 15 * 16^(b / 2), b = b, d = 20, r = 4, k = 12))
```

Majibu ni vizio 274, 88 na 54. Upana huo ni gharama ya kutoijua b. Yote matatu yanazidi 16, kwa hiyo jambo moja ni hakika: ploti zile na marudio 4 hazitoshi kwa d ya asilimia 20. Panda marudio zaidi kwanza, maana faida yake haitegemei b. Kama jaribio la zamani lilikuwa na ploti zilizogawanywa ndani ya ploti, mbinu ya Koch na Rigney ya mwaka 1951 inakokotoa b kutoka kwenye varianzi za ngazi hizo.

Usichukue b ya mahindi ukaipachika kwenye maharage, wala ya kituo cha utafiti cha Ilonga ukaipeleka kile cha Uyole. Msimu wa ukame hufichua tofauti za kina cha udongo zilizofunikwa na msimu wa mvua nzuri, hivyo ukiweza pima misimu miwili na utumie C1 kubwa kati ya mbili.

Andika kwenye mpango wa jaribio b, C1, d, r na CV unayoitarajia ya ploti: C1 × x^(−b/2). Kwa C1 ya 22, b ya 0.5 na vizio 16 hiyo ni asilimia 11. Baada ya kuvuna, ilinganishe na CV halisi ya uchambuzi. Ikitoka 12, endelea na ukubwa huo. Ikitoka 20, kagua orodha ya miche, viwavijeshi na wizi wa mahindi mabichi kwenye ploti za pembeni kabla ya kugusa ukubwa wa ploti, na kama hayo yote yako sawa, rudia `ukubwa()` kwa C1 iliyosahihishwa: 20 × 16^(b/2).